Mtoto Anayekula Udongo: Mazungumzo kwa Wazazi

Mazungumzo haya yanawahusu wazazi na walimu wenye watoto walioshikwa na tabia ya kula udongo, ambao wamekwisha jaribu ukali, vitisho na viboko, na mtoto bado anakula.

Ni nadra kumpata mtu wa Kenya asiyelijua jambo hili. Mtoto humega udongo katika ukuta wa nyumba, au huvunja kipande cha kichuguu njiani aendapo shule, au hununua sokoni lile jiwe laini liitwalo odowa, ambalo wanawake wengi hulitafuna wakati wa mimba. Katika uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 1997, watoto 285 wa shule waliulizwa, na 73 katika kila mia walikiri ya kwamba hula udongo kila siku. Kipimo cha kati kilikuwa gramu 28 kwa siku, yaani kama konzi ndogo ya mkono wa mtoto. Basi mzazi aliyegundua jambo hili nyumbani kwake asidhani ya kuwa amepatwa na aibu isiyompata mtu mwingine.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1870 Daktari Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake za safari habari za ugonjwa ulioitwa safura huko Unguja, ambao mwenye kuupata hutamani kula udongo. Alieleza ya kwamba hawakuupata watumwa peke yao, bali hata matajiri wenye chakula tele, na ya kwamba walaji huisikia harufu ya udongo kuwa ni nzuri. Neno hilo la harufu lastahili kuangaliwa sana, kwa sababu wazazi wengi hulipita bila kulitia maanani.

Mtoto hali udongo kwa ukaidi. Akiulizwa kwa upole, na mtu ambaye haogopi fimbo yake, mara nyingi ataeleza mwenyewe. Mfano ni mtoto wa miaka minane ambaye mama yake ameacha kumkemea, akamwuliza tu ni nini kinachomvuta. Mtoto huyo hujibu, "Mama, mvua ikinyesha ukuta unanukia, na mate yanajaa mdomoni." Pua imeita, ulimi umeitika, na mkono umekwisha fika ukutani kabla mwenyewe hajakata shauri. Kuna watoto wanaopenda ile harufu, wengine wanapenda unga unaoyeyuka juu ya ulimi, na wengine wanapenda mlio wa kutafuna. Mama anayejua mtoto wake anapenda lipi kati ya hayo ameshika ufunguo.

Fimbo haiwezi kushindana na pua. Humfundisha mtoto kujificha nyuma ya choo, mahali ambapo udongo ni mchafu kuliko ule wa ukutani. Kumpaka pilipili vidoleni nako hakufai. Ataila pamoja na udongo, au atajiumiza macho.

Hata hivyo, madhara ni ya kweli. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo muda mrefu, nayo huingia tumboni pamoja nao. Minyoo ya safura, ambayo kwa kawaida hupenya katika ngozi ya miguu isiyo na viatu, hunyonya damu ndani ya matumbo. Tena udongo wenyewe waweza kuyashika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, yakapita na kutoka bila kuufaa mwili. Kwa hiyo damu hupungua: viganja na midomo hupauka, mtoto huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda kilima, na darasani husinzia hata mwalimu akamwita mvivu. Udongo uliochomwa motoni hufa mayai ya minyoo, lakini ukiwa na madini ya risasi, moto hauyaondoi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Jambo la kwanza, basi, ni kumpeleka mtoto zahanati apimwe damu na choo. Akionekana ana minyoo, atapewa dawa. Na ikiwa damu yake ni haba, atapewa dawa ya madini ya chuma kwa kipimo cha mganga, wala si kwa kukisia, kwa sababu vidonge hivyo vikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Nyumbani apewe maini, dagaa, maharagwe na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau ambalo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana hukizuia.

Wazazi wengi hukoma hapo, wakingoja tabia ife yenyewe. Mara nyingine hufa. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa shule wa Lusaka, Zambia, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha ya kwamba waliopewa vidonge vya chuma hawakuacha udongo kuwashinda wenzao ambao hawakuvipata. Dawa hutengeneza damu. Mazoea ya ulimi yanataka kazi nyingine.

Kazi hiyo huanza kwa kutazama. Kwa muda wa juma moja mama na aangalie bila kusema neno: mtoto hula saa ngapi, mahali gani, akiwa pamoja na nani? Pengine ni saa kumi, atokapo shule na njaa. Pengine ni wakati anapokaa peke yake bila shughuli. Pengine anawaiga wenzake penye kichuguu. Ikiwa ni njaa, chakula kiwe tayari saa hiyo. Apendaye mlio wa kutafuna apewe karoti mbichi, muwa au mahindi ya kuchoma, naye awe nacho mfukoni kabla hamu haijamjia. Apendaye harufu ukuta wake usiribwe udongo mtupu mahali anapolala, na kazi ya kutengeneza matofali apewe ndugu yake. Mikono yake nayo ipewe kazi: kusuka kamba, kupukuchua mahindi, kuchonga.

Watu wa nyumbani wasimwite "mla udongo" mbele ya wageni. Mama mwenye kutafuna odowa asimkataze mtoto huku kipande ki mdomoni mwake. Watoto wana macho. Siku ambayo mtoto amepita penye kichuguu bila kumega, na baba yake aliseme jambo hilo kwa sauti.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hutia kila kitu kinywani, naye hana ugonjwa, yatosha kumwondolea. Bali mtoto mwenye usonji, au ambaye akili yake hukua polepole, huenda akavutwa na udongo, nywele, kamba au karatasi kwa miaka mingi, na kumwachisha kwataka subira kubwa zaidi pamoja na msaada wa wenye ujuzi. Kenya vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya pekee vilianzishwa mwaka 1984, na mwalimu mkuu wa shule aweza kumwelekeza mzazi kilipo cha karibu.

Mvua za kwanza zitakapoanguka, mtoto aliyekwisha acha huenda akarudia. Hapo mzazi asianze upya na fimbo. Aongeze karoti mfukoni, amsimamie karibu siku zile chache, na dawa ya minyoo irudiwe kama mganga alivyoagiza. Lakini tumbo likivimba na kuwa gumu, choo kikifunga siku kadhaa, au mtoto akitapika minyoo, asingojewe hata kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile, na daktari aambiwe wazi ya kwamba mtoto hula udongo.