Mchezo wa Jahazi na Karatasi ya Mfanyabiashara

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo)



Barua ya kunialika ilinitaka nizungumze juu ya vijana na viwanda vidogo. Mada hiyo ni pana kama uwanja wetu wa gwaride, na mtu aweza kupotea humo mpaka saa ya chakula. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, nitazungumzia kitu kimoja tu kilichopo juu ya meza ile: mchezo wa jahazi uliobuniwa na klabu ya useremala ya shule hii. Kwa wale ambao hawajauona, ni ubao wa mninga uliochongwa ramani ya pwani kuanzia Lamu hadi Kilwa, kete za kifuu cha nazi, na kadi za pepo, bidhaa na ushuru. Kila kitu kimetengenezwa kwa mkono. Jana usiku tuliucheza wazee wanne, na mlinzi akaja kutuzimia taa kama zamani.

Nimeuchagua mchezo huu kwa kuwa amekwisha kutokea mfanyabiashara anayeutaka. Ameacha karatasi ya ukurasa mmoja, na mwalimu mlezi wa klabu amenionyesha. Inasema kwamba kwa shilingi laki nne, klabu inampa "haki zote za mchezo, mahali popote, kwa muda wote". Simlaumu bwana huyo. Kazi ya mnunuzi ni kuomba vyote. Kazi yenu ni kujua kwamba hivyo vyote ni vitu gani.

Nianze na msicho nacho. Kanuni za kucheza hazina mwenyewe. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987 haihesabu kanuni za michezo kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna ukoo unaotoza ushuru kwa kila anayelicheza barazani. Kwa hiyo mtu akiuona mchezo wenu, akaenda kutunga wake wa majahazi kwa maneno yake, michoro yake na jina lake, hamtamshinda mahakamani.

Mlicho nacho ni maandishi, michoro na jina. Maelezo ya kijitabu na picha za kadi na ramani zina hakimiliki tangu siku mlipoziandika na kuzichora. Kuziandikisha COSOTA ni kujiwekea ushahidi. Lakini hapa pana jambo ambalo karatasi ya mfanyabiashara haikuliuliza. Kadi zilichorwa na nani? Nimeambiwa ni wanafunzi watatu, na mmoja amekwisha kumaliza shule. Basi michoro hiyo ni yao watatu, na klabu haiwezi kutoa kibali cha kitu ambacho haijapewa. Mtafuteni huyo aliyeondoka kabla hamjaongea na mtu mwingine yeyote. Tena, wengi wenu hamjatimiza miaka 18, na kwa sheria yetu aliye chini ya umri huo hana uwezo wa kufunga mkataba. Klabu yenyewe nayo, kama haijasajiliwa popote, si mtu mbele ya sheria. Karatasi ile ikitiwa sahihi leo, sijui angeishtaki nani, wala ninyi mngemshtaki kwa jina gani.

Jina ndilo nitakalolikalia kidogo. Wengi wenu mmewahi kuucheza mchezo wa vipande vya mbao uitwao Jenga. Vipande 54, vitatu vitatu, ghorofa 18, kisha unachomoa kimoja kimoja mpaka mnara uanguke. Aliyeutengeneza ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika. Familia yake iliucheza kwa vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasulia mbao cha Takoradi, Ghana. Mwezi wa Januari 1983 aliupeleka kwenye maonyesho ya wanasesere na michezo mjini London, kwa kampuni yake mwenyewe. Kampuni kubwa zilipokuja kuuchukua kwa leseni, Irwin Toy ya Canada mwaka 1986 na Hasbro mwaka uliofuata, jina hili lisiloeleweka kwao halikuwapendeza. Yeye alikataa kulibadilisha. Mnara wa vipande vya mbao mtu yeyote aweza kuupanga. Jina Jenga hawezi kulibandika juu ya sanduku lake.

Na hapa pana mzaha kidogo. Huko neno hilo ni alama ya biashara nzuri kwa sababu halina maana kwa wasikiaji. Hapa kwetu, mtu akileta vipande vya kujengea na kuviita Jenga, msajili angemwambia hiyo ni kazi yake, si jina lake. Kwa hiyo mnaotaka kuuita mchezo wenu "Bao la Jahazi" fikirini tena. Tafuteni neno ambalo halielezi kitu kilicho ndani ya sanduku, kisha mliandikishe BRELA katika daraja la 28, la michezo. Cheti hudumu miaka 7, halafu huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar wana sheria na daftari lao. Jahazi lenu linapita Unguja, lakini cheti cha Bara hakivuki maji.

Upande wa pili yupo Elizabeth Magie wa Marekani. Alipata hataza ya mchezo wake wa wamiliki wa ardhi mwaka 1904, maana kwao iliwezekana. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki za mchezo wake kwa dola 500, bila mrabaha, huku ikiuza Monopoly, mchezo uliotokana na ule wake. Hesabu ya yaliyofuata mnaweza kuifanya wenyewe.

Sasa nimrudie bwana wetu. Mwambieni hauzwi mchezo, inatolewa leseni. Iwe ya Tanzania Bara tu, kwa miaka mitatu, na kama hakuuza idadi mtakayokubaliana ndani ya mwaka wa kwanza, leseni ife. Mrabaha upigwe kwenye bei anayouzia, usipigwe kwenye faida. Faida ni neno ambalo mwenye daftari hulipunguza apendavyo. Akiuza ubao kwa shilingi 30,000 na mkakubaliana asilimia tano, ni shilingi 1,500 kwa kila ubao, iwe amepata hasara ya mafuta ya gari au hakupata. Aonyeshe sampuli kabla ya kutengeneza. Na mbao za kuchongwa kwa mkono zibaki kuwa zenu. Yeye auze za karatasi ngumu.

Kuutangaza hakuhitaji fedha nyingi. Picha ya ubao haimshawishi mtu, kuketi na kucheza ndiko kunakomshawishi. Pelekeni mbao mbili kwenye kinyozi na kwenye baraza la wacheza bao, ombeni meza katika banda la SIDO Sabasaba. Kabla ya hapo mpeni kijitabu mwanafunzi wa kidato cha kwanza asiyeujua mchezo, mkae kimya, mtazame anakwama wapi. Sisi wazee jana tulikwama kwenye kadi ya ushuru wa Mombasa, ukurasa wa pili, aya ya mwisho. Haieleweki kama mwenye jahazi tupu analipa.

Karatasi ya mfanyabiashara nimeirudisha kwa mwalimu mlezi ikiwa na maandishi yangu ya penseli pembeni. Nimeambiwa bwana huyo atarudi Jumanne. Mimi nipo hapa mpaka kesho mchana, na mwenye kuchora kadi zile aje tuzungumze baada ya chakula.