AKIBA HUANZIA JIKONI
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimia miaka 10 ya Chama chetu Kikuu



Leo tumesikia mengi juu ya karafuu, nazi na mboga. Sisi wa ofisi ya Katibu twaomba ruhusa kusema juu ya jambo dogo kwa jina, kubwa kwa madhara: fedha itumikayo jikoni.

Mkulima wetu huteremka Darajani, katika soko lililofunguliwa mwaka 1904, akauza mihogo yake kwa bei ya jumla. Kisha hurudi shamba na mchele aliopimiwa kilo moja moja kwa bei ya rejareja. Siku asiyokuwa na kitu, huandikisha katika daftari la duka. Mwenye duka hatumlaumu: yeye hungoja fedha yake, na kungoja kuna bei yake. Lakini msimu wa karafuu ufikapo, fedha huwa imekwisha kuliwa kabla haijashikwa. Wazee wetu waliyaona hayo. Madeni yaliwaelemea wenye mashamba, hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria ya kuzuia mashamba yasiwatoke kwa sababu ya madeni.

Dawa yake si ngeni. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walianzisha duka lao la unga, siagi, sukari na mishumaa. Miongoni mwa masharti waliyoyashika ni haya: kipimo cha haki, kununua kwa fedha taslimu, na faida kugawiwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao.

Basi na tufanye hesabu. Nyumba ilayo kilo 2 za mchele kwa siku hutumia kilo 60 kwa siku 30. Tuseme kununua kwa jumla kutapunguza shilingi 100 kwa kila kilo: zitabaki shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 72,000. Hizo ni sare na madaftari ya watoto. Nyumba 5 za jirani huhitaji kilo 300, yaani mapolo 6 ya kilo 50. Na zinunue pamoja. Asiyeweza kutoa zote kwa mara moja, aweke kidogo kidogo kila wiki kwa mtunza fedha wa chama chake, na apewe stakabadhi.

Pili, tule tulimacho. Burma ilipotekwa mwaka 1942, mchele uliokuwa ukitoka huko ulikatika, na visiwa hivi vikaegemea mihogo, viazi na mpunga wake. Haifai shelisheli lioze chini ya mti ilhali twaenda kununua boflo.

Tatu, kila nyumba iwe na daftari lake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Akina mama washirikishwe katika kuliandika. Mpishi ndiye ajuaye kilichobaki mtungini.

Ndugu wanachama, kwa miaka 10 tumejifunza kuuza pamoja. Miaka 10 ijayo hatuna budi kujifunza kununua pamoja.