Tuambieni na Nauli

Kila sikukuu zikikaribia, magazeti na vipindi vyetu hujaa makala za utalii wa ndani, na nyingi huanza kwa karipio. Wageni wanavuka bahari kuja kuuona mlima wetu na tembo wetu, sisi tumekaa tu. Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Mwandishi anaamini kwamba msomaji akishatahayari, atafungasha.

Naipinga lugha hiyo, na shahidi wangu ni stendi ya Magufuli pale Mbezi, siku chache kabla ya Krismasi. Mabasi ya Moshi na Arusha yamejaa, tiketi zinalanguliwa, akina mama wamebeba watoto na mizigo, wengine wamekesha palepale. Watu wanaosafiri zaidi ya kilomita mia tano ili wakale sikukuu na bibi na babu zao huwezi kuwaambia hawapendi kusafiri. Tena safari yao inaishia chini ya Mlima Kilimanjaro wenyewe! Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba wakitoka nyumbani asubuhi wanaweza kwenda Chemka na kurudi kabla ya giza.

Chemka ni chemchemi iliyoko wilaya ya Hai. Maji yake ni maangavu, unaona mpaka chini, na mizizi ya miti imeshuka ikaingia majini. Vijana wananing'inia kwenye kamba na kujiachia katikati. Hapo mwandishi wetu anaandika "paradiso iliyojificha", anaweka picha, amemaliza. Hasemi kwamba njia inachepuka Boma Ng'ombe na baada ya hapo ni vumbi. Hasemi bodaboda ni kiasi gani, wala kama mtoto asiyejua kuogelea ana mahali pa kuchezea. Baba mwenye watoto wanne anataka kujua hayo kabla ya kutoa hata shilingi moja, na ana haki ya kuyajua.

Nadhani tatizo ni kwamba tumeazima lugha ya vipeperushi vilivyoandikwa kwa ajili ya mgeni wa mbali. Ndiyo maana tunasoma kwamba Serengeti ni pori ambalo halijawahi kuguswa na binadamu. Wamasai walichunga humo, na mwaka 1959 waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi walihamishiwa Ngorongoro. Ukimwandikia mjukuu wao kwamba pale hapakuwa na mtu, humshawishi. Unamfuta.

Chukua pia nyumbu. Picha zile za nyumbu wakivuka Mto Mara kwa kawaida hupigwa kati ya Julai na Oktoba, kaskazini kabisa mwa Serengeti. Familia iliyopata likizo Februari, ikaongozwa na makala isiyotaja miezi, itafika mtoni na kukuta maji matupu, kwa sababu wakati huo makundi makubwa yako kusini, upande wa Ndutu, yanazaa. Na kuzaa kwenyewe ni ajabu: ndama anasimama na kuanza kukimbia dakika chache baada ya kudondoka. Huo ni ukweli, na unavutia kuliko sifa yoyote ya kubuni.

Kuhusu fedha, mwandishi hupenda kutangaza kwamba kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Kweli kabisa. Lakini getini huendi kwa miguu. Kinachomshinda mwananchi ni gari la kukodi, mafuta na mahali pa kulala, na hayo ndiyo yasiyoandikwa. Mara nyingine hayaandikwi kwa sababu mwandishi mwenyewe hakuyalipia; alialikwa, akalazwa, akalishwa. Simlaumu kwa kualikwa, maana vyombo vyetu vingi havina bajeti ya safari. Ila amwambie msomaji, kwa kuwa chumba alicholala bure ndicho anachomtaka msomaji akakilipie.

Kwa hiyo wahariri wenzangu, Desemba hii nawaomba makala moja tu kwa ajili ya abiria wa yale mabasi ya Moshi: familia ya watu sita, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, Chemka au maporomoko ya Materuni, nauli na viingilio vyote vimeandikwa, na chakula kimetoka jikoni kwa bibi. Iandikeni kwa ufundi wote mlio nao, na itoke kabla watu hawajakata tiketi.