Ushoni wa Nyumbani: Mkasi Kwanza, Cherehani Baadaye



Mazungumzo haya yahusu kazi ambayo watu wengi huiona kuwa ndogo, nayo ni kazi ya kubuni na kushona nguo nyumbani: magauni, sketi, na vitu vidogo vya pambo na matumizi vinavyotokana na mabaki ya kitambaa. Mzazi mwenye mabinti watatu aujua uzito wa jambo hili kila Ramadhani ifikapo kumi la mwisho. Nguo za Idi hazina budi kupatikana, mlangoni kwa fundi watu wamejaa, na bei haimngojei mtu. Pengine nguo huchukuliwa kwa deni, na deni hilo hukaa mpaka Idi ya pili ikakaribia. Basi hili si jambo la pambo tu. Ni jambo la riziki ya nyumba.

Wala asidhani mtu kwamba kushika sindano ni kazi ya unyonge. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiishona nguo yake mwenyewe na kuvitengeneza viatu vyake. Bibi Zainab binti Jahsh, naye ni miongoni mwa Mama wa Waumini, alisifiwa kuwa mwanamke wa kazi ya mikono, akitengeneza ngozi na kushona, kisha akakitoa sadaka kile alichokipata. Ikiwa nyumba ile tukufu haikuona haya ya sindano, ni nani leo atakayeona haya?

Na itazamwe nchi yenyewe. Mabonde ya Kasese ni nchi ya pamba, na Chama cha Ushirika cha Nyakatonzi kimeshughulika na pamba ya wakulima wa huku kwa miaka mingi. Mkulima hulima, hupalilia, huchuma, na pamba huchambuliwa ili mbegu ziondoke. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Uganda iliyokwisha kuchambuliwa huuzwa nchi za nje. Huko husokotwa nyuzi, hufumwa kitambaa, hutiwa rangi, hukatwa na kushonwa, kisha nguo hurudi Afrika kwa bei nyingine, au hurudi ikiwa imekwisha kuvaliwa na mtu mwingine, imefungwa katika robota la mitumba. Mtu wa Kasese aliyeiuza pamba kwa kilo huja kuinunua tena kwa kipande.

Katika safari hiyo ndefu ya pamba, ziko hatua zisizowezekana nyumbani. Kusokota na kufuma kwa wingi kwahitaji kiwanda, nguvu ya umeme na mtaji mkubwa. Ila hatua ya mwisho, yaani kukata na kushona, yaweza kufanyika katika chumba kimoja, juu ya meza moja, kwa mkasi mmoja na cherehani ya miguu isiyohitaji umeme. Nako Bwera, hatua chache kutoka mpaka wa Mpondwe, vitenge hupita kutoka upande wa Kongo na kwenda upande wa Kongo. Kitambaa kinapita mlangoni. Linalotakiwa ni mkono wa kukigeuza kuwa nguo kabla hakijaenda zake.

Mji wa Kasese una fundisho lake katika habari hii. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na watu wakaja kutoka pande nyingi kufanya kazi ya mshahara. Mwaka 1982 uchimbaji wa shaba ulisimama, na mishahara ile ikakoma. Tena mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, na ukafurika tena mwaka 2020, ukaharibu nyumba na mali. Mwenye kutegemea mlango mmoja, ukifungwa mlango huo, hubaki nje. Lakini ujuzi ulio katika vidole haukatwi na mwajiri wala hauchukuliwi na mto. Mjane aliyeachwa na watoto, akiwa anajua kukata nguo, hana mali bado, lakini ana pa kuanzia.

Hapa ndipo penye neno kubwa la mazungumzo haya. Watu wengi hudhani kwamba kujifunza ushoni ni kujifunza kuendesha cherehani. Si hivyo. Kuendesha cherehani kwa mstari ulionyoka kwaweza kufahamika kwa muda mfupi. Ujuzi wenyewe umo katika kupima na kukata. Msichana aliyefundishwa kukanyaga cherehani tu atakuwa mtumwa wa fundi anayekata: atapewa vipande, aviunganishe, apewe ujira wa vipande. Aliyefundishwa kukata ataweza kufungua kazi yake mwenyewe, kwani mteja hamfuati mwenye mashine, humfuata yule ambaye nguo yake humkaa mtu mwilini. Mshono uliokosewa hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Ndiyo maana yafaa mkasi uje kwanza na cherehani baadaye.

Basi kukata huanza wapi? Huanza kwenye maji. Kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana pamba hurudi, na gauni lililoshonwa kabla ya kufuliwa laweza kumbana mwenyewe baada ya kufuliwa mara moja. Kisha utazamwe uzi wa mtande, yaani uzi uendao kwa urefu wa kitambaa sambamba na ukingo wake. Vipande vya gauni vikatwe kwa kuufuata uzi huo; vikikatwa upande, nguo hujipinda na pindo halilali sawa.

Baada ya hapo ni vipimo, na vipimo viandikwe daftarini, visiachiwe kumbukumbu. Chukua mfano wa sketi ya vipande sita, ambayo ni mwalimu mzuri wa anayeanza. Mwanamke ana kiuno cha sentimita 72 na nyonga za sentimita 96. Nyonga huongezewa sentimita 6 ili aweze kukaa na kutembea bila kubanwa, zikawa 102. Zigawanye kwa vipande sita, kila kipande kina sentimita 17 penye nyonga. Ongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, zikawa 20. Kiuno nacho, 72 kwa sita ni 12, pamoja na mshono ni 15. Chora kwanza katika karatasi, hata ya gazeti la zamani, ukate karatasi, uiweke juu ya kitambaa, upitishe chaki, ndipo ushike mkasi. Kwa binti anayekua, pindo liachwe sentimita 8 au 10, ili mwaka ujao lishushwe badala ya kununua sketi nyingine.

Na hesabu hiyohiyo huokoa kitambaa. Kipande cha kitenge cha yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu. Gauni refu la mita 1 na sentimita 40 lahitaji kipande cha mbele na cha nyuma, yaani mita 2 na sentimita 80, na mikono yake yaweza kutoka katika sentimita 60 nyingine. Zimetumika mita 3 na sentimita 40, zimebaki kama mita 2. Asiyejua kukata huzitawanya. Ajuaye hutoa humo sketi ya mtoto, mtandio wa kichwa na mkoba. Vipande vidogo zaidi huwa mfuko wa kuhifadhia Msahafu, utepe wa nywele, au vifungo vya kufunikwa kwa kitambaa. Hata kofia ya mwanamume ni somo hapa: huko Zanzibar na Lamu kofia nzuri za mkono hushonwa kwa sindano na uzi, tundu baada ya tundu, na thamani yake haitokani na wingi wa kitambaa, kwani kitambaa chake ni kidogo sana, bali hutokana na subira ya mkono ulioshona.

Ama kubuni, asiogope mtu kwa kudhani kwamba ni kazi ya watu wa mbali. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wengi wa Uganda, jina lake latokana na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, na husimuliwa kwamba vazi hilo lilipata umbo lake katika shule ya wasichana ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya ishirini, shule hiyo ikiwa imeanzishwa mwaka 1905. Ukosi wa mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mikono iliyoinuka mabegani, na mshipi mpana chini ya kiuno: hayo yote yalikuwa wakati mmoja mawazo ya mtu mwenye chaki na mkasi, aliyewatazama watu wa mahali pale na kufikiri ni nini kitakachowafaa.

Kwa mwanamke wa Kiislamu jambo hili lina uzito zaidi. Anayenunua nguo iliyokwisha kushonwa hulazimika kuchukua shingo, mikono na urefu uliochaguliwa na mtu asiyemjua. Ikiwa fupi huongeza nguo ya ndani, ikiwa wazi huongeza mtandio, na mwisho huvaa nguo tatu katika jua la Kasese. Anayejikatia mwenyewe huamua shingo iishie wapi na mkono ufike wapi, akapata stara na hewa pamoja, na nguo ikawa nzuri vilevile. Tena wako wanawake wengi wanaoona haya kupimwa kiuno na nyonga na fundi mwanamume. Mji wenye mafundi wanawake huwaondolea haya hiyo, na fundi mwanamke naye hupata wateja ambao hakuna wa kumnyang'anya.

Huenda mtu akasema: Mitumba ni rahisi, kwa nini kujisumbua? Neno hilo lina ukweli wake, wala si vema kumlaumu maskini anayeisitiri familia yake kwa mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuipunguza biashara hiyo hatua kwa hatua. Rwanda iliyoshikilia azimio hilo ikapokonywa na Marekani, mwaka 2018, nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Mambo ya serikali yaachiwe serikali. Fundi wa nyumbani yeye aweza kuifanya mitumba kuwa chuo chake. Achukue gauni la zamani lililokaa vizuri, alifumue mshono kwa mshono, avinyoshe vipande kwa pasi, avilaze juu ya karatasi na kuvichora. Hapo ataona kwa macho jinsi kwapa lilivyokatwa na jinsi bega lilivyoteremshwa. Na koti pana lisilo na mnunuzi laweza kufumuliwa likatoa sketi mbili za shule.

Limebaki neno la cherehani yenyewe. Kila familia haiwezi kununua yake, lakini kina mama kumi wanaowekeana akiba waweza kununua moja, wakapangiana siku. Mashine itunzwe kama ng'ombe wa maziwa: itiwe mafuta, ifutwe vumbi, na sindano ibadilishwe inapokuwa butu. Sindano namba 11 yafaa kitambaa chepesi, namba 14 yafaa kitenge, na namba 16 yafaa kitambaa kizito. Uzi ukikatika mara kwa mara, isilaumiwe mashine kwanza, itazamwe sindano.

Yafaa basi madrasa na vyama vya Waislamu vya Kasese na Bwera vifikirie jambo hili: kila binti anayehitimu kusoma Msahafu atoke pia akiwa na daftari la vipimo vyake, na akiwa amekata kwa mkono wake walau sketi moja na gauni moja. Karatasi ni ya bure, chaki ni ya senti chache, na walimu wamo humu humu, ni mama na bibi walioshona miaka na miaka na hawakuombwa kufundisha. Wakifariki kabla ya kuombwa, ujuzi wao utazikwa pamoja nao.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono inayofanya kazi, awafungulie mabinti mlango wa halali, na ajaalie Idi ijayo ikute nyumba nyingi za Kasese na Bwera zimevaa nguo zilizokatwa na wenyewe, bila deni la mtu. Amin.