Viza ya Matembezi Si Kibali cha Kazi



Kijana anayeambiwa "panda ndege kwanza, karatasi utazikuta huko" na asimame hapo hapo. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kuajiriwa Saudia, Qatar wala Falme za Kiarabu. Akikamatwa kazini, mwenye kosa ni yeye, si wakala aliyebaki Nairobi akihesabu pesa.

Katika nchi nyingi za Ghuba, kibali hufungamanishwa na mwajiri. Huo ndio mfumo wa kafala. Mwajiri huomba viza ya kazi, na mfanyakazi akishafika hutengenezewa kitambulisho cha ukaaji, ambacho Saudia huitwa iqama. Akiondoka kwa mwajiri huyo bila utaratibu, anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kupoteza haki ya kukaa nchini, hata kama aliyemdhulumu ni mwajiri. Kwa hivyo jina la mwajiri, mshahara na aina ya kazi visomwe kwenye mkataba kabla ya safari, na nakala moja ibaki kwa mzazi. Picha ya pasipoti pia ibaki.

Sheria hazifanani. Mwaka wa 2020 Qatar iliondoa sharti la kupata ruhusa ya mwajiri wa kwanza kabla ya kuhamia kwa mwingine, na wafanyakazi wa nyumbani walihusishwa. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara huko ni riyal 1,000 kwa mwezi. Mwezi huo huo Saudia nayo ililegeza masharti ya kuhama, lakini mageuzi hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Na kazi za nyumbani ndizo wasichana wetu wengi huendea!

Wapo wanaouliza kuhusu Ujerumani. Mkataba uliotiwa saini Berlin Septemba 2024 haugawi kazi kwa mtu yeyote. Anayetaka kwenda bado anahitaji ujuzi unaotambulika, na kwa kazi nyingi, Kijerumani. Anayedai kuuza "nafasi za mkataba wa serikali" anauza hewa.

Orodha ya mawakala waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usajili huo una muda wake, basi cheti kilichotundikwa ukutani kisomwe tarehe kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni.