Kazi ya Kusimamia na Malipo Yake
(Maneno ya Mwenyekiti katika maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi)



Kamati iliniomba niseme juu ya historia ya kikundi. Historia mtaisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Mimi nataka kuzungumzia jambo linalotusumbua majumbani na kwenye sanduku letu: kazi ya umeneja. Nani anaifaa, analipwa nini, na binti zetu wataipata wapi.

Wengi tumezoea kwamba meneja ni mtu wa benki mwenye kiti cha kuzunguka. Lakini sisi wa Tabora kazi hii tuliijua kabla ya benki. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na wapagazi wengi walikuwa wazee wetu Wanyamwezi. Pagazi mmoja alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Msafara wa mamia ya watu haujiendeshi, jamani. Mbele alikwenda kirangozi, mara nyingi mtu ambaye wapagazi wenyewe wamemkubali, anayejua njia, maji yalipo na hongo ya kila mtemi. Wakawapo na wanyapara wa kusimamia mizigo na watu. (Siku hizi mnyapara tunamsikia gerezani tu, lakini wakati ule ilikuwa kazi ya heshima.) Ujira ulikuwa nguo, merikani na kaniki, pamoja na shanga. Posho ikipunjwa au mzigo ukigawiwa kwa upendeleo, watu walitua mizigo chini, wengine wakatoroka usiku. Wake za wapagazi nao walikuwamo, na vyungu na mikeka kichwani.

Sasa tuje kwetu. Sanduku letu lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3, kama vikundi vingi. Miaka 10 yote katibu na mhazini wamefanya kazi kwa soda na asante. Mwanzoni daftari moja lilitosha. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetuweka daraja la nne, na lazima tusajiliwe. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kuiomba kunataka karatasi zilizonyooka. Pesa nyingine nazo zinapita kwenye simu. Mama mwenye watoto na shamba la karanga hawezi kuyapanga yote hayo saa nne ya usiku, tena bure.

Upande wa pili wako binti zetu. Wanasoma, wengine hapa hapa katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho sisi wakubwa bado tunakiita Uhazili. Wanarudi na cheti ndani ya bahasha ya kaki, wanasubiri tangazo la serikali. Siwalaumu. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini serikalini kipande kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nani hataki? Lakini kwenye usaili tunaona wanavyojaa.

Wakati huo huo vyama vya msingi vya tumbaku vya Urambo, Kaliua na Sikonge, SACCOS, na wauza asali, wote wanahitaji watu wa kusimamia na wa kushika hesabu. Mishahara huko haifanani. Chama kilichouza vizuri kinalipa, chenye madeni kinamkopa mfanyakazi wake. Binti akiitwa, aulize kwanza mkataba wa maandishi na mchango wa NSSF, cheo baadaye.

Na anayefaa ni yupi? Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu ikisomwa najua iliyonyooka. Namtaka anayeweza kunionyesha salio siku yoyote, anayejua kompyuta, na anayeisoma hesabu hata bibi asiyejua kusoma akaelewa. Tena awe anaweza kumnyima mkopo shangazi yake bila kuvunja undugu. Hili la mwisho sijasikia likifundishwa chuoni, na ndilo linaloua vikundi.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja: tumwajiri mtunza vitabu, siku 2 kwa wiki, alipwe kutoka kwenye riba ya mikopo, hisa zetu zisiguswe. Wapo wanaosema huko ni kula faida ya wanachama. Ni kweli gawio la mwisho wa mwaka litapungua. Mimi naona afadhali lipungue tukijua limekwenda wapi. Wengine wanataka achukuliwe mtoto wa mwanachama. Aombe kama wengine, na mama yake atoke nje tunapopiga kura. Wa kwangu amekwishaniuliza, nimemjibu hivyo hivyo.

Karatasi za maoni ziko kwa katibu. Kila mmoja aandike kiwango anachoona kinafaa, kwa shilingi, na asiyeweza kuandika aandikiwe, kabla ya siku ya mkutano.