Jina Moja, Wenye Jina Watatu: Mazrui katika Orodha za Marejeo



Mada yangu yamkini itaonekana ndogo kwa mhadhara wa hadhara, kwani inahusu herufi mbili tu na nukta zake: A. A. Nimeichagua kwa sababu ya tasnifu moja niliyoletewa niisome. Mwandishi wake, kijana mwenye bidii, alikuwa ameeleza kwamba A. A. Mazrui alianzisha gazeti la Kiislamu mjini Mombasa mwaka 1930, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kisha akatoa Mihadhara ya Reith katika BBC mwaka 1979. Mtu huyo hakuwahi kuishi. Msimamizi wa tasnifu hakuliona kosa hilo. Nami, nakiri, niliigundua hitilafu hiyo katika usomaji wa pili, si wa kwanza.

Kosa lilikuwa na asili yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891, akafariki mwaka 1947. Mwanawe, Ali Al'amin Mazrui, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, akafariki mwaka 2014. Tukifuata kanuni ya kutanguliza jina la mwisho na kuyakata majina ya mbele, baba anakuwa Mazrui, A. A., na mwana anakuwa Mazrui, A. A. Yupo pia Alamin M. Mazrui, mwanaisimu, mshairi na mtunzi wa tamthilia. Yeye huokolewa na herufi M, pale tu mchapaji anapokumbuka kuiweka.

Hali hii haikuletwa na uchache wa majina. Katika desturi ya pwani mtoto hupewa jina la babu, na kwa kupewa jina hilo huwa somo wake. Babu yake Ali aliitwa Ali. Hivyo mjukuu ni Ali bin Al-Amin bin Ali, na mnyororo ungeweza kuendelea vivyo hivyo hadi vizazi vingi. Jina hapa halikukusudiwa kumtenga mtu na jamaa zake, bali kumweka mahali pake miongoni mwao. Kazi ya kutenga ilifanywa na neno dogo, "bin", pamoja na lile linalofuata. Kanuni zetu za marejeo zimelifuta neno hilo kwanza kabisa, kana kwamba ni pambo.

Ingekuwa watu hawa wote watatu ni wa fani moja, hasara ingekuwa ndogo. Lakini hebu tuwatazame.

Sheikh Al-Amin alikuwa mwanazuoni wa dini na kadhi. Alishika ukadhi mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi kufariki kwake. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, jambo kubwa zaidi ni kwamba mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, lililokuwa na Kiswahili na Kiarabu. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, naye aliyachukua mawazo ya islahi na kuyaleta katika lugha ya sokoni na ya barazani. Aliwahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu mpya, na papo hapo akawakemea waliodhani kwamba kuiga mavazi na mienendo ya Wazungu ndiyo elimu yenyewe. Historia ya ukoo wake, watawala wa Mombasa hadi mwaka 1837, aliiandika kwa Kiarabu. Haikuchapishwa hadi mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mtu aliyechagua lugha kwa kumtazama msomaji wake namna hii anastahili sura nzima katika historia ya nathari ya Kiswahili. Mara nyingi hapati hata aya.

Ali alikuwa na umri wa miaka 14 baba yake alipofariki. Alikwenda Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa wa sayansi ya siasa Makerere, na baadaye akafundisha Michigan na Binghamton huko Marekani. Mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986 kuhusu Waafrika na urithi wao wa aina tatu ulimfikisha katika nyumba za watu wasiowahi kushika kitabu chake. Aliandika kwa Kiingereza. Silitaji hilo kwa kumlaumu, ila kwa kuonyesha umbali kati ya kalamu mbili za nyumba moja: baba akiandikia watu wa mji wake, mwana akiandikia ulimwengu.

Alamin ameandika kwa lugha zote mbili. Tamthilia yake Kilio cha Haki ilitoka mwaka 1981. Inamweka mwanamke, Lanina, mbele ya wafanyakazi wanaopigania haki zao katika shamba la mlowezi. Mwaka 1982 mtunzi aliwekwa kizuizini, na diwani yake Chembe cha Moyo, ya mwaka 1988, ina harufu ya ukuta wa jela. Anayeisoma akidhani ni kazi ya profesa wa mihadhara ya Reith hataelewa lolote. Mashairi yale yalilipiwa, na aliyeyalipia ana jina lake.

Utata unazidi kwa kuwa Ali na Alamin waliandika pamoja vitabu viwili kuhusu lugha na siasa, kimoja mwaka 1995 na kingine mwaka 1998. Tunavitaja "Mazrui na Mazrui", na nimewahi kusoma hoja za kiisimu zilizomo zikihusishwa na mwanasayansi wa siasa peke yake, kwa kuwa ndiye maarufu. Umaarufu hunyonya. Kati ya wenye jina moja, aliye mashuhuri hupewa kazi za wenziwe bila ya yeye kuziomba.

Ipo pia hali iliyo kinyume chake. Mwandishi wa Utengano, riwaya ya mwaka 1980, anajulikana kwa wasomaji kama Said Ahmed Mohamed. Makala zake za kitaalamu, zile za miaka ya Bayreuth hasa, zimetoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Ni nasaba ile ile iliyosogezwa hatua moja mbele. Lakini katika katalogi mmoja yuko kwenye herufi M na mwingine kwenye K, na nimeona mwanafunzi akimnukuu Khamis kama shahidi wa nje anayemthibitisha Mohamed. Huko kwenye M atamkuta pia Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu, na asipokuwa mwangalifu atamchanganya na Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa.

Wenzangu wa maktaba huniambia kwamba kanuni ni kanuni. Nazielewa shida zao. Katalogi bila kanuni ni ghala la karatasi. Hata hivyo, kanuni hizi zilitungwa kwa watu ambao jina lao la mwisho ni la familia na la kwanza ni lao binafsi. Mazrui ni jina la ukoo kweli, na hata hivyo kanuni imeshindwa. Mohamed wa Said Ahmed si la ukoo hata kidogo. Ni la babu.

Kwa hiyo katika idara ninamofundisha nimeanza kudai mambo mawili. Majina yaandikwe kamili katika orodha ya marejeo, pamoja na "bin" pale mwenyewe au watu wake walipoitumia. Na mwandishi aliyechapisha kwa majina mawili aelekezwe kutoka moja hadi jingine. Mhariri mmoja alinirudishia makala kwa sababu hiyo, akitaka herufi za mwanzo tu. Nilimpelekea orodha yenye Mazrui, A. A. mara nne, nikamwomba aniambie yupi ni baba. Bado nasubiri jibu lake.

Maswali nitayapokea.